Mtoto Asiyekuwa Katika Orodha

Watu wengi hudhani kuwa mtihani wa kuingia shule kubwa huanza asubuhi ile mtoto anapoketi kwenye dawati na kupewa karatasi ya maswali. Sivyo. Mtihani huanza miezi mingi kabla ya hapo, siku ambayo jina lake huandikwa katika orodha ya watahiniwa, na sehemu hiyo ya kwanza mtoto haifanyi. Huifanya mzazi au mlezi wake, pamoja na mwalimu mkuu. Hakuna alama zinazotolewa humo, wala hati ya kumsifu aliyefaulu. Lakini mtu mzima akishindwa humo, mtoto hapati hata nafasi ya kujaribu.

Nimeona vema kuliandika jambo hili kwa sababu limenipata mimi mwenyewe, nami si mtu wa mbali na afisi. Nimekuwa karani katikati ya jiji la Nairobi kwa miaka mingi. Kazi yangu ni tarehe na karatasi: barua iliyoingia lini, jalada lililotoka lini, siku ya mwisho ya kulipa ni ipi. Nyumba yangu iko Kawangware, na kila asubuhi hupanda gari la 46 kwenda mjini, na jioni hurudi kwa gari hilo hilo. Mkulima wa Limuru akichelewa aweza kusema, "Tulikuwa shambani, habari hazikutufikia." Mimi sina neno hilo la kusema. Habari zilinifikia kwa barua yenye muhuri, nami nikaiweka katika mtoto wa meza.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeko Butere, alikuja kukaa nasi mwaka wa 2016. Tulimtia katika shule ndogo ya mabati iliyo hatua chache kutoka kwetu. Msomaji asiyezijua sehemu za magharibi ya Nairobi huenda akaniuliza kwa nini hatukumpeleka shule ya serikali. Shule za serikali zipo, lakini watu wa Kawangware, Kangemi na Ng'ando ni wengi kuliko madawati yake. Kwa hiyo shule nyingine nyingi zimejengwa na makanisa, na vyama vya wenyeji, au na mtu mmoja mwenye kiwanja na moyo wa kufundisha, na baadhi ya shule hizo hufundisha vizuri sana. Ila jambo moja wazazi wengi hatulijui tunapolipa karo: shule nyingi za namna hiyo hazijasajiliwa kuwa vituo vya mtihani. Watoto wake wakifika darasa la mtihani, huandikishwa chini ya shule nyingine iliyo kituo. Basi karatasi za mtoto hupita katika mikono miwili badala ya mmoja, na kila mkono waweza kudhani kuwa mwingine umekwisha fanya kazi.

Mnamo Januari 2019 binti huyo aliingia Darasa la Nane. Mtihani uliokuwa mbele yake ni KCPE, ambao tangu mwaka wa 1985 ulikuwa ndio lango la kuingia Kidato cha Kwanza. Wiki ya pili ya muhula alileta barua nyumbani. Ilisema kuwa kila mtahiniwa alete nakala ya cheti cha kuzaliwa kabla ya katikati ya Februari. Sababu yake ilikuwa hii: Wizara ya Elimu ilikuwa na daftari la wanafunzi katika mashine za kompyuta, lililoitwa NEMIS, ambalo lilimpa kila mwanafunzi nambari yake mwenyewe, na nambari hiyo ilitolewa kwa kufuata cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki haikutosha, wala cheti cha ubatizo.

Mpwa wangu hakuwa na cheti. Alizaliwa nyumbani mwaka wa 2005, kwa mkono wa mkunga wa kijiji, na baada ya kuzaliwa watu walishangilia, wakampa jina la bibi yake, wakaendelea na palizi. Sheria ya Kenya hutaka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya miezi sita, na kuandikishwe katika wilaya ile alikozaliwa. Muda huo ukipita, cheti bado chapatikana, lakini kwa njia ndefu zaidi: vitambulisho vya wazazi, ushahidi wa mahali na siku ya kuzaliwa, barua ya chifu, na ada ya kuchelewa. Nilipouliza mjini wakati wa chakula cha mchana, karani wa dirishani alinieleza hayo yote kwa upole. Mtoto huyu hakuzaliwa Nairobi, kwa hiyo ilinipasa kwenda Kakamega.

Hapo ndipo nilipokosea, nami nitaeleza sababu zangu kama zilivyokuwa, kwa maana nadhani wasomaji wengi watazitambua. Ya kwanza, ilikuwa Januari. Mtu mwenye mshahara mdogo ajua Januari ilivyo. Karo, kodi ya nyumba na deni la Krismasi hubisha hodi kwa siku moja. Nauli ya basi la usiku kwenda Kakamega na kurudi, pamoja na siku mbili za ruhusa kazini, niliona ni mzigo wa kuahirisha mpaka mwisho wa mwezi, kisha mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Sababu ya pili ndiyo mbaya zaidi. Kila niliyemtajia jambo hili, garini, kazini na kanisani, alinijibu neno moja: "Wataongeza muda." Nami nikaamini, kwa kuwa nimeona muda ukiongezwa katika mambo mengi sana: kulipa ushuru, kuandikisha wapiga kura, kubadilisha leseni. Mtu aliyezoea kuona mlango ukifunguliwa tena baada ya kufungwa hawezi kuharakisha anapousikia ukifungwa.

Nilikwenda Kakamega mwisho wa Machi. Dada yangu alinipokea kwa chai, akashangaa kwamba karatasi moja yaweza kunitoa Nairobi. Tulikwenda kwa chifu, kisha tukaenda afisini, na cheti kikatoka mwezi wa Mei. Nikakipeleka shuleni siku ya Jumamosi nikiwa nimevaa tai. Mwalimu mkuu akakitazama, akatoa nakala, akaniambia, "Usijali, mzazi, majina yamekwisha kwenda."

Tafadhali liangalieni neno hilo. Mimi nililisikia kuwa jina la mpwa wangu limekwisha kwenda pamoja na mengine. Yeye alikuwa akisema jambo la kweli pia, ya kuwa majina aliyokuwa nayo mnamo Februari alikuwa ameyapeleka. Jina la binti yetu halikuwa miongoni mwa hayo. Ikiwa alijua hivyo siku ile, au yeye mwenyewe alikuwa amesahau, sikupata kujua, wala sitaki kumhukumu mtu aliyefundisha watoto sitini chini ya paa lenye joto kama jiko. Lakini karani wa miaka ishirini, ambaye hapokei hata risiti ya stempu bila kuisoma, hakusema, "Naomba niione orodha." Nilimshukuru, nikapeana naye mkono, nikarudi nyumbani.

Mnamo Julai orodha ilibandikwa ukutani katika ile shule iliyokuwa kituo. Watoto wetu walipelekwa kuiangalia, wakaguse majina yao na kunakili nambari zao. Binti alisoma kutoka juu mpaka chini, kisha akasoma tena kutoka chini mpaka juu. Alirudi nyumbani, akapika, akaosha vyombo, akalala. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, mke wangu akiwa amekwenda kwa jirani, alikuja akasimama mlangoni mwa chumba nilimokuwa nikisoma gazeti, akaniambia, "Mjomba, jina langu halipo." Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Nilifikiri labda nimesoma vibaya, ndiyo maana sikukuambia."

Tangu siku hiyo nilianza kukimbia, na mbio zile zingalifaa zaidi mnamo Januari. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wetu, naye akaniongoza kwa mwalimu mkuu wa kituo. Huyo akanielekeza kwa afisa wa elimu wa eneo letu, na afisa akaniambia nijaribu mjini. Kila mahali nilipokelewa kwa adabu na kupewa kiti. Kila mahali jibu lilikuwa moja.

Nilikasirika wakati ule, lakini baadaye nilitafuta kuelewa kwa nini mlango ule haufunguki, na yafaa msomaji naye aelewe. Mwaka ule wa 2019 watahiniwa wa KCPE walikuwa zaidi ya milioni moja katika nchi nzima. Orodha ikifungwa ndipo hesabu zote hufuata: karatasi ngapi zichapwe, ngapi zitiwe katika kila bahasha ya kila kituo, wasimamizi wangapi, askari wangapi, vyumba vingapi. Kwa miaka mingi mitihani yetu ilichapwa ng'ambo na kuletwa imefungwa. Tena baada ya wizi mkubwa wa mitihani ulioonekana mwaka wa 2015, masharti yalikazwa. Tangu mwaka wa 2016 bahasha huwekwa katika makasha makubwa ya chuma yenye ulinzi, na walimu wakuu huzichukua asubuhi ya mtihani wenyewe. Bahasha iliyohesabiwa haina karatasi ya mtoto wa ziada. Jambo hilo ni la haki, kwa maana karatasi za ziada ndizo zilizokuwa zikiuzwa vichochoroni. Basi kufuli lile lile lililowazuia wezi lilimzuia na mpwa wangu, na aliyemweka nje ni mimi.

Mtihani ulianza Jumanne, tarehe 29 Oktoba 2019, ukaisha siku ya Alhamisi. Binti alikuwa amekwisha nunua penseli mbili za kutia alama za majibu, ufutio na rula ndogo. Asubuhi ile aliomba ruhusa amsindikize rafiki yake. Nilitaka kumkataza, nikaona sina haki. Alimpa rafiki yake zile penseli, wakaenda pamoja mpaka lango la kituo, mwenzake akaingia, naye akarudi. Nilichelewa kazini siku hiyo kwa kuwa sikupenda arudi nyumbani akute hakuna mtu.

Alirudia Darasa la Nane mwaka wa 2020, na sasa sikungoja barua. Nilikuwa shuleni siku ya kufungua. Jina lake liliandikwa Januari. Kisha Machi ugonjwa wa korona ukafika Kenya, shule zote zikafungwa, na mtihani wake ambao ulipasa kufanywa mwisho wa mwaka ule ukafanywa Machi 2021. Wenzake wa mwaka 2019 waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2020. Yeye aliingia Agosti 2021. Watu waliokosa jina moja katika orodha moja hawakuweza kujua kuwa nyuma ya siku ile ya mwisho kulikuwa na ugonjwa wa dunia nzima unangoja.

Kuna jambo la zamani ambalo hunijia kila gari la kwenda Kangemi linapopita mbele ya Nairobi School, katika Barabara ya Waiyaki. Shule hiyo ilifunguliwa hapo mwaka wa 1931 kwa jina la Prince of Wales, na Lenana, iliyo upande wa Barabara ya Ngong, ilianza mwaka wa 1949 kwa jina la Duke of York. Zote mbili zilikuwa za Wazungu. Mtoto wa Kangemi au wa Riruta aliziona nyasi zake kupitia katika ua, basi. Kwake yeye njia ilikuwa nyingine, na ilikuwa nyembamba. Katika mpango uliotokana na taarifa ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, akachujwa kwa mtihani. Aliyepita akasoma miaka minne mingine, akachujwa tena kwa mtihani ulioitwa KAPE. Na wachache waliobaki ndio walioweza kutazamia shule kama Alliance ya Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka wa 1926. Mlango ulifungwa kwa rangi ya mtu, na hakuna baba aliyeweza kuufungua kwa kuamka mapema.

Baada ya Uhuru mlango huo uliondolewa. Mwaka wa 1964 mitihani ya makabila mbalimbali ya shule iliunganishwa kuwa mmoja, ikaja CPE, ikaja KCPE, na shule zile zilizokuwa nyuma ya ua zikawa shule za taifa, ambazo mtoto wa kibarua aliweza kuzitaja kwa kalamu yake alipoandikishwa. Ada ya mtihani nayo iliondolewa: Serikali ilianza kuwalipia watahiniwa wa shule zake, na tangu mwaka wa 2017 ikawalipia hata wale wa shule za watu binafsi. Kwa hiyo mwaka ule wa 2019 sikudaiwa hata senti moja ya mtihani. Nilidaiwa cheti na tarehe tu, na kwa hayo mawili mtoto akabaki nje.

Hata hivyo sitakubali lawama zote ziwe juu ya wazazi, kama baadhi ya walimu na maafisa wapendavyo kusema katika mikutano. Kwanza, msimu wa kuandikisha umekuwa ukiangukia miezi ya mwanzo wa mwaka. Kwa karani ni wakati wa ukata. Kwa mkulima ni wakati wa kutayarisha shamba kungojea mvua ya masika, na siku moja iliyopotea katika foleni huonekana baadaye katika mahindi. Pili, matangazo ya Baraza la Mitihani hupelekwa kwa walimu wakuu, na mzazi hupata yale tu ambayo mwalimu mkuu ameona vema kumwambia, tena kwa siku ambayo amependa yeye. Karibu kila msimu wa mtihani magazeti yetu hutoa habari za watoto waliofika kituoni wakiwa wamevaa sare safi, wakaambiwa kuwa hawamo. Mara nyingine mwalimu mkuu hukamatwa na kupelekwa mahakamani. Ni haki akamatwe ikiwa alikula fedha za watu. Lakini mtoto yule hukaa nyumbani mwaka mzima iwe mwalimu amefungwa au hakufungwa.

Tatu, na hili nalisema nikijua kuwa wakubwa hawatapenda, desturi ya kuongeza muda ndiyo iliyotufundisha kuchelewa. Siku ya mwisho ikisogezwa mwaka huu kwa wiki mbili, mwaka ujao watu huanza kuhesabu kutoka kwenye wiki hizo mbili. Wenye simu nzuri na jamaa afisini husikia mapema ikiwa safari hii muda hautaongezwa. Mjane wa Ng'ando husikia baadaye. Afadhali siku moja isiyosogea, itangazwe redioni na kanisani na msikitini miezi mitatu kabla, kuliko siku tatu za mwisho ambazo hakuna aziaminiye.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na watu wengine husema kuwa mashaka haya yamekwisha pamoja nayo. Mimi naona yameanza mapema zaidi. Katika mpango mpya mtoto hufanya KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6, na KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025 na watoto zaidi ya milioni 1.1, ili kupangiwa shule ya sekondari ya juu. Alama za Gredi ya 9 hazitoki katika mtihani mmoja: sehemu 60 kwa mia ni za mtihani wenyewe, 20 ni za kazi alizofanya shuleni, na 20 ni za ile KPSEA ya miaka mitatu nyuma. Basi mtoto asiyekuwa katika orodha ya Gredi ya 6 hubeba pengo hilo mpaka Gredi ya 9. Tena nambari ya mtahiniwa inayomfuata mtoto katika safari yote hii huanza kutolewa akiwa Gredi ya 3, na umri huo ni wa kung'oka meno. Mzazi anayengoja mpaka mwaka wa mtihani ndipo atafute cheti cha kuzaliwa atakuwa amechelewa kwa miaka sita.

Wako pia wanaotaka kufanya KCSE wakiwa watu wazima. Najua makarani wawili wa namna hiyo, na mmoja ni mlinzi wa usiku hapo Lavington asomaye kwa taa ya langoni. Hawa hawana mwalimu mkuu wa kuwaandikia. Hapana budi waende wenyewe katika afisi ya elimu ya eneo lao, waelekezwe kituo. KCSE ya mwisho itafanywa mwaka wa 2027, na baada ya hapo mtu hawezi kusema, "Nitaandikisha mwaka ujao."

Na kuna shule ambazo jina katika orodha peke yake halitoshi. Starehe, iliyoanza mwaka wa 1959 kwa vibanda vya mabati kwa ajili ya watoto wa mitaani, imekuwa ikichagua kwa alama na kwa shida ya mtoto, na shida hiyo huandikwa katika fomu ya shule yenyewe, ambayo ina siku yake ya kurudishwa. Nimesikia zaidi ya mara moja habari za mtoto mwenye alama za kutosha na umaskini wa kutosha, ambaye fomu yake ilibaki chini ya godoro kwa kuwa ilingoja sahihi ya mtu.

Mpwa wangu alimaliza Kidato cha Nne mwaka wa 2024, mwaka mmoja nyuma ya yule rafiki aliyempa penseli. Hajapata kunitaja kuhusu jambo lile hata mara moja, na kunyamaza kwake nimekuona kuzito kuliko lawama.

Mdogo wake, kitinda mimba wa dada yangu, alikuja kukaa nasi, na mwaka wa 2025 alikuwa Gredi ya 3. Cheti chake kilitoka akiwa na miezi minne. Dada yangu hakungoja kuambiwa. Muhula wa kwanza nilipotaka kuomba ruhusa kazini ili niende shuleni kuhusu nambari yake, binti alisema, "Mjomba, wewe nenda kazini. Nitakwenda mimi." Alichukua cheti katika bahasha, akaenda kwa mwalimu, akaomba aione orodha. Mwalimu akamwambia kuwa majina yamekwisha ingizwa, asiwe na wasiwasi. Akajibu kuwa hana wasiwasi, ila angependa kuliona.

Wakafungua mashine. Akaweka kidole chini ya kila jina mpaka akafika. Mvulana alikuwamo, lakini jina la baba yake lilikuwa limeandikwa tofauti na lilivyo katika cheti. Herufi moja ilikosekana. Mwalimu akaiongeza palepale, na binti akasimama hapo mpaka karatasi mpya ilipochapwa.